Mkubwa wa Chumba cha Mbele

Juzi nilishuka Masasi kubadili gari la kwenda Newala, miguu ikanipeleka yenyewe kwenye nyumba yetu ya zamani. Chumba cha mbele sasa ni duka la vipuri vya bodaboda. Nilisimama mlangoni nikanusa raba na oili, na pua yangu, kwa ukaidi wake, ikatafuta harufu ya samli.

Sisi ni Masingasinga, au Kalasinga kama watoto wa mtaa walivyotuita. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alikuwa na gereji, na siku nyingi alishinda barabarani na malori yaliyowafia madereva kwenye mlima wa Newala. Nyumbani tulibaki bibi, mimi na Kitabu. Guru wetu wa kumi, yaani mwalimu mkuu wa dini yetu, aliagiza kwamba baada yake hatakuwepo tena guru binadamu. Kitabu ndicho kitakuwa guru. Basi kwetu kiliishi chumba cha mbele kama mtu. Alfajiri tulikiamsha, tukakitandikia hariri, bibi akakipepea kwa usinga. Jioni nilikibeba kichwani, miguu peku, nikakilaza kitandani pake.

Macho ya bibi yalikuwa na mtoto wa jicho. Kila asubuhi Kitabu hufunguliwa popote, na shairi litakalojitokeza ndilo neno la siku hiyo. Alizijua sala zake zote kwa moyo, lakini shairi hilo hakuweza kulijua kabla. Alihitaji macho yangu.

Ndiyo maana sikwenda popote. Likizo ya Desemba watoto wa jirani walipanda Newala kuokota korosho kwa bibi yao, wakarudi midomo imewachubuka kwa mabibo, wakicheka mambo ambayo mimi sikuyaelewa. Nilisoma kwamba Mungu yumo majini na misituni, nami hata Chiwata, kijiji cha jirani, sikuwa nimefika. Jumapili walikuja kula halua yetu ya samli, ya moto, vichwa wamefunika, mikono miwili mbele. Wakishalamba vidole walitoka mbio. Mimi nilibaki nikiosha sufuria, na siku nyingine nilikichukia Kitabu hicho mpaka nikajiogopa.

Mwaka mmoja mama yao, Mama Issa, alinionea huruma, akaja kuniombea ruhusa.

“Mkubwa haachwi peke yake nyumbani,” bibi akamjibu, akielekeza kidevu kwenye Kitabu.

“Nitakaa naye mimi, mama. Nitatawadha, nitajifunika.”

Bibi akamshika mkono. “Nakuamini. Lakini asubuhi nitasomewa na nani?”

Mama Issa akajifunga kanga upya, akaondoka. Nililia nimejifungia stoo, na alfajiri nikasoma.

Bibi alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam akakichukua Kitabu, akakibeba kichwani hadi garini. Baba akaniambia sasa naweza kwenda Newala. Nilikaa kizingitini siku ile nzima, sina wa kumwamsha wala wa kumlaza. Mwaka uliofuata tukahama mji.

Juzi, basi, nikafika Newala. Mama Issa amezeeka, anaishi huko kwenye mikorosho ya mama yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili. Kisha akauliza, kama mgeni yeyote anavyoulizwa:

“Na nyumbani umemwacha nani?”

Utoto wangu wote nilikuwa nimesubiri kuwa huru kulitoa jibu lake. Lilinitoka kwa shida.

“Hakuna mtu, Mama Issa.”