Vizuia Radi vya Bwalo la Maofisa

Mchoro wangu ulikuwa na mistari minne ikitoka kwenye nyumba ya injini, na ule wa hospitali niliuchora kwa wino mwekundu. Mkubwa wetu wa kazi aliukata kwa wino mwekundu pia, hata ikabidi niishike karatasi dirishani nione wangu unaishia wapi na wake unaanzia wapi.

Nilikuwa fundi mpya wa umeme, kijana wa milimani niliyezoea ukungu na sweta. Nilifika Garissa nyuma ya lori la serikali lililosindikizwa na askari, kwa kuwa barabara ilikuwa na mabomu ya kutegwa na kila mtu alikuwa akizungumza habari za shifta, waasi wa Kisomali. Kazi yangu ilikuwa kugawa umeme wa injini moja mpya ya dizeli kwa majengo ya serikali: hospitali ndogo, ofisi, taa za uzio wa kambi, na bwalo la maofisa, mahali walipokula na kunywa jioni. Mkubwa wa kazi alikuwa mtu wa bara kama mimi. Tulisali kanisa moja. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba aliyenifanyia haya si mgeni, na niliyoyafanya mimi sikufundishwa na mgeni.

Nilikuwa nimeifikiria kazi ile vizuri. Injini ikiwa moja, kila jengo lipewe waya wake, swichi yake na fyuzi zake, ili moja likipata hitilafu mengine yaendelee. Kila mstari uwe na mita ya kuonyesha unabeba mzigo gani, na msimamizi wa injini aandike namba zake kila nusu saa. Na hospitali ifungwe vizuia radi. Hivyo ni vichupa vya kauri vinavyowekwa pale waya wa juu unapoingilia jengo, ili radi ikipiga, ule mshindo ushuke ardhini usiingie ndani. Vilikuwa vimeagizwa kwa ajili ya hospitali na vikaja vitatu tu, kimoja kwa kila waya wa moto, yaani vya kutosha jengo moja.

"Hospitali ina nini hata ipewe laini yake peke yake?" mkubwa akaniuliza.

"Ina chumba cha upasuaji, mzee. Ina friji ya dawa."

"Taa za uzio ndizo zinazotulinda na hawa warya wa Kisomali. Hospitali iunge kwenye nguzo za uzio, si zinapita pale mlangoni?"

"Nguzo hizo zinazunguka mbali, mzee, na ziko uwanjani wazi. Radi ikipiga..."

Akacheka. "Tangu ufike imenyesha mara ngapi?"

Nilikuwa na majuma matatu pale. Sikuwa nimeona hata wingu.

"Basi hivyo vichupa vyako vifunge bwaloni. Kuna gramafoni mpya, kuna friji, na wageni wa Nairobi hawaishi. Bwalo libaki na laini yake."

Nikajibu, "Sawa, mzee." Nimezeeka sasa, na maneno hayo mawili bado yananichoma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Aliyesimamia injini alikuwa mzee wa Kisomali mwenyeji wa mji. Aliacha ngamia ujanani akajifunza mashine kwenye malori ya jeshi la wakati wa Mwingereza. Vijana wa hospitali walimwita adeer, kama mtu anavyomwita baba yake mdogo, nami nikafuata. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa huko, pe ikawa be na ve ikawa fe, lakini injini aliisikia kwa kiganja. Aliweka mkono juu ya chuma akajua mzigo umepanda kabla mita haijasema. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kufukia vyuma vya kupeleka umeme ardhini. Udongo wa Garissa ni mkavu kama unga, na udongo mkavu haupokei umeme. Alinipeleka nyuma ya jiko la hospitali, yanakomwagwa maji ya kuoshea sufuria.

"Haba chini kuna maji siku zote," akasema. "Chimba haba."

Tukachimba pamoja, tukatia mkaa na chumvi, tukavifukia vile vyuma. Kisha nikamweleza kwamba vizuia radi havitafungwa pale, vinakwenda bwaloni. Akapangusa udongo mikononi.

"Fundi, mfua ya gu haiji bole bole," akasema. Gu ni masika yao.

Ikaja kweli, alasiri moja, kama saa tisa hivi. Siku hiyo mkubwa alikuwa ameamuru taa zote za uzio zijaribiwe, nami nilikuwa kwenye nyumba ya injini pamoja na adeer. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya jivu la mkaa. Upepo ukaanza kubeba mchanga, mabati yakapiga kelele.

"Nakata mstari wa uzio," adeer akasema, mkono tayari kwenye swichi. "Hii si mfua ya kuchezea."

Kukata ndiko kulikokuwa sahihi. Fundi yeyote angekata. Lakini robo saa iliyotangulia daktari alikuwa ametuma neno kwamba anaanza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, na akaomba taa isizimwe kwa sababu yoyote. Ukikata uzio, unaizima hospitali. Ndiyo maana ya kuunganisha kila kitu kwenye nguzo zilezile: siku ya hatari hakuna unaloweza kuchagua.

"Usikate, adeer," nikasema.

"Fundi..."

"Swichi ikae. Daktari yuko kazini."

Akaondoa mkono. Akachukua kitabu cha mita na penseli, akaandika saa na namba, kisha akaongeza maneno machache polepole. Sikutazama aliandika nini. Tukasubiri. Radi ilipiga nguzo za uzio upande wa mtoni. Mita ya mstari ule iliruka ikagota mwisho, fyuzi zikalipuka mbele ya macho yetu, na mimi nikawa nimekwisha toka mbio kuelekea hospitali.

Ubao wa fyuzi ukutani ulikuwa umefunguka kama kopo la nyama. Friji ilikuwa ikitoa moshi. Chombo cha kuchemshia vifaa vya upasuaji kilikuwa kimeungua waya zote. Ndani, muuguzi mmoja alikuwa amefungua madirisha yote kutafuta mwanga, mvua ikaingia mpaka miguuni pa meza, na mwingine akashika tochi juu ya bega la daktari. Mama yule alikuwa mke wa mfugaji, ameletwa kutoka kijiji cha kulindwa, huko walikokusanywa watu wa mifugo ili wasiwape shifta chakula. Sikumwona uso. Niliona kiganja chake tu, kimepakwa hina, kikining'inia pembeni.

Alipona. Mtoto hakulia.

Nilimsubiri daktari akinawa mikono. "Kama taa ingekuwapo?" nikamuuliza.

"Usiniulize hilo, fundi," akasema, na hakunitazama.

Nilipotoka mvua ilikuwa imepungua. Ng'ambo ya barabara, bwalo lilikuwa linawaka taa. Laini yao ilikuwa nzima. Vichupa vyangu vitatu vilikuwa vimekaa chini ya paa lao, vyeupe, havina hata alama, na gramafoni ilikuwa inaimba. Nilisimama pale barabarani nimelowa na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kesho yake niliandika ripoti ya kurasa mbili. Nilieleza radi, nguzo, vizuia radi vilivyopelekwa kwingine na aliyeamuru. Niliiambatanisha na kitabu cha mita. Mkubwa aliisoma yote kwa utulivu, akaifunga ndani ya mtoto wa meza yake pamoja na kitabu.

"Ukiandika radi," akasema, "Nairobi watauliza vizuia radi viko wapi. Wataniuliza mimi, na watakuuliza wewe. Umesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki?"

Sikuwa nimeusoma. Akanisomea. Chini ya namba, adeer alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika uzeeni: *Fundi anasema swichi ikae.*

Kisha mkubwa akasukuma mbele yangu karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema chanzo cha hitilafu hakijathibitishwa, na kwamba mashine ilikuwa mikononi mwa mwenyeji wa hapa. Hapakuwa na uongo wa wazi ndani yake. Ilikuwa imetungwa na mtu anayejua kazi yake. Nikatia sahihi. Nilikuwa na woga, na nilijiambia kwamba karatasi ile haimtaji mtu.

Siku ya tatu polisi walimchukua adeer akiwa anapangusa injini. Kwa sheria za hali ya hatari hawakuhitaji kumpeleka mbele ya hakimu. Msomali mwenye ufunguo wa injini ya serikali, taa za kambi zimezimika: iliwatosha. Nilimwendea mkubwa, nikamwambia anajua kabisa mzee yule hana kosa.

"Hana kosa hili," akanijibu. "Kwani unajua mengine?"

Nilikwenda nyumbani kwa adeer. Mkewe alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Nilisema pole, nikasema nitajaribu, nikasema hili na lile. Aliponyamazisha maneno yangu kwa mkono, alisema jambo moja tu, kwa Kiswahili kifupi.

"Wewe ulikuwa bale."

Asubuhi iliyofuata, saa nne, nilibeba ngazi nikaingia uani kwa bwalo la maofisa. Walikuwa wanakunywa chai barazani. Nilizima laini yao, nikapanda, nikaanza kufungua vichupa.

"We fundi, unafanya nini huko juu?" mmoja akaita.

"Navipeleka vilikoagizwa," nikajibu, nikafungua kingine.

Hakuna aliyenyanyuka. Nadhani hawakuamini. Kwa siku nne nilivuta waya chakavu kutoka nyumba ya injini hadi hospitali, mstari wa peke yake, nikaweka swichi na fyuzi, nikafunga vizuia radi mlangoni, nikaviunganisha na vile vyuma vya nyuma ya jiko. Kisha niliandika ripoti ya pili kwa mkono, nikaeleza kwamba mimi ndiye niliyesema swichi ikae. Nakala moja niliituma makao makuu Nairobi, nyingine nikamkabidhi mkuu wa polisi mwenyewe. Alinishukuru.

Sikupata jibu. Nilichopata ni barua ya uhamisho kwenda Mandera, siku mbili za kujiandaa. Mkubwa alipandishwa cheo mwaka uliofuata akarudi Nairobi, na nasikia alipostaafu walimfanyia sherehe. Sijamsamehe na sina nia hiyo. Watu wa kanisani wakinihimiza, huwa nawauliza kama walimwona yule mama.

Adeer alitoka baada ya masika mengine kupita. Nilimkuta nilipokuwa nikipitia Garissa kwa likizo, ameketi kwenye mkahawa wa chai, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Alinijibu salamu. Akaniruhusu kukaa. Aliniambia kwamba injini sasa inasimamiwa na mtu wa bara anayepoteza mafuta, na kwamba hakuombwa kurudi.

"Huko ndani waliniuliza maswali siku moja tu," akasema. "Baada ya habo, hakuna hata mtu alijua mimi niko kwa nini."

Nikamwambia niliandika ripoti nyingine. Nilimweleza kila nilichoandika, neno kwa neno, kama mtoto anayetoa hesabu ya makosa yake. Alisikiliza huku akizungusha bilauri ya chai mezani.

"Nilisikia habari yake," akasema. "Lakini waliyonisomea ni ile karatasi ya mkubwa. Bamoja na sahihi yako."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akamaliza chai, akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kunipa mkono.