Mafuta Kwenye Kofia ya Jitu

Mafuta ya kondoo yakigusa chuma chenye joto hutoa harufu isiyofanana na ya nyama wala ya moshi. Ni nzito, ina utamu kidogo, na hukaa kooni. Nimeishi Tunduma, nimeishi Mtwara, nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo majina yake nimeyasahau, na bado harufu hiyo ikinijia kutoka kwenye kikaango cha mtu yeyote narudi papo hapo Endulen, kwenye banda la baba yangu, upande ambao upepo haupeleki moshi kwenye maboma ya watu. Baba alikuwa mhunzi. Kimasai huitwa olkunoni, neno ambalo wengi hulitamka kama wanaolitema. Tulisema Kimasai kama wafugaji waliotuzunguka, tulivaa shuka kama wao, na mikuki, sime na kengele za ng'ombe zao zilitoka kwenye nyundo ya baba. Lakini mnunuzi alipofika, kabla ya kupokea chombo chake, alitoa kipande cha mafuta ya kondoo, akajipaka viganjani, akakipaka na chuma chenyewe, ndipo akakishika. Chuma chetu kilikuwa na uchafu, walisema, uchafu wa damu ambayo bado haijamwagika. Waswahili wana msemo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nilipousikia shuleni niliuelewa upesi kuliko wenzangu wote, na nikamwonea huruma huyo Baniani.

Kwetu mtoto hamsalimii mzee kwa mkono. Huinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini. Nilijifunza mapema kuinamisha kichwa changu, kungoja kidogo, kisha kukiinua bila kuguswa. Mtu huzoea. Ukikaa kwenye baridi ya Ngorongoro muda mrefu nayo huizoea, lakini haina maana kwamba huisikii.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kiangazi, nyasi zimekauka hadi zinalia chini ya miguu. Mwiraqw mmoja kutoka Karatu, Mzee Tluway, alikuja kufungua mgahawa wa chai karibu na mnada wa mifugo, na pamoja na masufuria akaleta jenereta, televisheni na deki ya video. Kiingilio chetu watoto kilikuwa dumu la maji. Kanda zake nyingi zilikuwa mikanda ya ngumi, lakini moja ilikuwa na kipindi cha Kijapani cha zamani, na hicho ndicho kilichotushika. Kila sehemu dude kubwa kama kilima lilitoka ardhini au baharini, likavunja nyumba ambazo hata sisi tuliona ni za maboksi, watu wakakimbia wakipiga mayowe, kisha likashuka Jitu la Fedha, lenye kofia ya kung'aa na macho kama taa za lori, likalipiga dude hadi likafa. Hakuna aliyejua Kijapani. Mzee Tluway alitutafsiria kwa Kiswahili chake cha Mbulu, na kwa kuwa naye hakujua, alitunga.

Siku moja likatokea dude jipya. Lilitoka kwenye mlima wa moto, likawa linakula reli na kutema cheche. Halikumkimbiza mtu. Lilisimama tu katikati ya mji, likitafuna chuma chake.

"Mzee Tluway, huyu naye ni nani?" akauliza mchuuzi mmoja wa ng'ombe.

"Huyu? Si unaona anakula chuma anatema moto?" Mzee Tluway akanyanyua bilauri yake ya chai. "Huyu ni olkunoni wenu!"

Banda zima likacheka, wazee kwa watoto, mwingine hadi akamwaga chai. Vichwa vikageuka kunitafuta, na nikacheka nami, kwa sababu asiyecheka ndiye huchekwa zaidi. Jitu lilipomkata yule dude shingo watu walishangilia kuliko siku zote. Tangu hapo jina langu likawa Dude.

Mchezo wetu wa kuchunga ndama ukawa huo. Aliyeuongoza alikuwa Lemayian, rafiki yangu wa darasani, mvulana mchangamfu ambaye wakati mwingine alikula muhogo wangu tukiwa mbali na macho ya watu. Wengine walipokezana kuwa Jitu, askari, au mama anayekimbia na mtoto. Mimi nilikuwa Dude jana, leo na kesho. Kisha mwalimu akaturuhusu tuigize mchezo huo mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, na Lemayian akanivuta pembeni.

"Baba yako anaweza kututengenezea kofia ya Jitu?"

"Anaweza."

"Ukiileta, Jitu utakuwa wewe. Mwenyewe. Mimi nitakuwa Dude."

Sikumbuki kama kuna kitu nimekitaka maishani kama nilivyoutaka ujitu ule. Nilimweleza baba. Kesho yake alimwomba mama debe la mafuta ya kupikia yaliyokwisha, akalifungua, akalinyoosha, akanikalisha kwenye gogo na kunipima kichwa kwa ukanda wa ngozi. Kaka yangu alivuta viriba vya kupulizia, moto ukanguruma. Baba aligonga pole pole, kwa nyundo ndogo ya kengele, akatokeza upanga wa katikati kama wa jogoo, akatoboa matundu ya macho, akaisugua kwa majivu hadi ikaakisi uso wangu. Aliponivisha alirudi nyuma hatua moja, akanitazama, na akatabasamu. Baba hakuwa mtu wa kutabasamu.

Siku ilipofika nilimkabidhi Lemayian kofia nyuma ya darasa ili anifunge kamba. Hakunifunga. Alitoa mfukoni kifurushi cha jani, akakifungua, na ile harufu ikanifikia kabla sijaona kilichomo. Akajipaka mafuta viganjani. Akaipaka kofia, nje na ndani, kwa uangalifu, kama alivyomwona baba yake akifanya. Kisha akaivaa.

"Ulisema mimi," nikasema.

"Nilisema. Mama amekataa. Anasema Jitu hawezi kuwa olkunoni." Akaniangalia kupitia matundu ya macho, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Halafu, Dude tutampata wapi, bwana?"

Nikaingia uwanjani na magunia yangu ya Dude mgongoni. Wazazi walikaa kwenye nyasi, na baba alisimama nyuma yao, peke yake. Jua lilikuwa utosini, na mafuta yaling'aa juu ya ile kofia hata kipofu angeyaona. Askari wakanipiga kwa fimbo zao. Lemayian akanikata shingo kwa mkono, kama ilivyopangwa. Sikuanguka. Akanikata tena, watu wakaanza kucheka. "Anguka, Dude!" wakapiga kelele. Nilikuwa namtazama baba. Alipogeuza mgongo na kushika njia ya nyumbani, ndipo nikaanguka, na makofi yakapigwa.

Jioni nilimkuta ananoa sime ya mteja.

"Ilimkaa?" akauliza.

"Ilimkaa."

"Niliipima kwenye kichwa chako," akasema, akaendelea kunoa. Hakulizungumza tena hadi anakufa.

Mwaka jana nilipita Karatu, nikalala mjini. Kwenye simu nilikipata kipindi kile kile, safari hii kikiwa na maandishi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa na mashine, ovyo lakini ya kutosha. Kumbe watu wa ule mji walikuwa wamechimba mlima aliokuwa akiishi yule dude, wakachukua chuma chake chote kutengeneza reli zao. Alikuja kula kilichokuwa chake. Mwishoni, akishakufa, mtoto mmoja anawauliza wakubwa amewakosea nini. Yote hayo yalikuwemo kwenye kanda ya Mzee Tluway. Sisi tulilishangilia Jitu.

Asubuhi yake nikakutana na Lemayian kwenye kituo cha mafuta. Sasa anaendesha watalii, ana gari la paa la kufunguka na miwani ghali. Alinikumbatia, akanipa mkono mkavu, akautikisa kwa nguvu.

"Dude! Hujafa tu?" Akacheka. "Unakumbuka ujinga wetu ule? Mambo yale yamekwisha, ndugu yangu. Siku hizi wazungu wanalipa kuja kuona wahunzi."

Nilimwambia nimefurahi kusikia. Mwanawe mdogo akashuka garini, akaja hadi mbele yangu, na kwa adabu ya kwetu akainamisha kichwa. Nikanyoosha mkono. Lemayian akamshika mtoto bega na kumvuta kwake, taratibu, akiwa bado anatabasamu.

"Twende, baba. Tumechelewa."

Gari likaondoka, nikabaki na mkono wangu hewani. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, ila hawakusema lolote juu ya aliyelitia. Sasa barabara ni ya lami, televisheni zimejaa kila baa, na hakuna anayetembea na kifurushi cha jani mfukoni. Zamani zile, angalau, mafuta yalionekana.