Likizo Niliyokuwa Msemaji wa Bibi

Siku ya kwanza kazini niliripoti jikoni kwetu, Kasulu, saa moja asubuhi. Bibi alikuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi: mkono wa kulia umelegea, na neno pekee lililobaki kinywani ni "ego", yaani ndiyo kwa Kiha. Bosi wangu wa kwanza, Mama, akanipa cheo: Msemaji wa Bibi. Nina miaka kumi na sita na nimeshastaafu. Wadogo zangu, kaeni vizuri niwape uzoefu.

Bosi wa pili alikuwa Mtaalamu wa Usemi kule hospitali. Siku tuliyompeleka Bibi kliniki nilikuwa nampigia kelele kama namwita ng'ambo ya bonde.

"We kijana, bibi yako si kiziwi!" alinikemea. "Sehemu ya ubongo inayopanga matamshi iko huku mbele, karibu na panja la kushoto. Hiyo ndiyo imeumia. Inayotambua maneno iko nyuma, juu ya sikio. Hiyo nzima."

Nikaenda kupima nyumbani. "Bibi, nionyeshe mjukuu mwenye sura mbaya kuliko wote!"

Kidole kikanijia papo hapo. Niliruka mpaka kuku wakakimbia! Anaelewa kila kitu!

Kazi ikawa nzito alipokuja Mjomba, kaka yake Mama, kutoka Kibondo.

"Mama, twende ukaishi kwangu?"

"Ego," alisema Bibi.

"Mmesikia? Kakubali." Akaanza kupanga vitenge kwenye begi. Bibi machozi yakamtoka.

"Mjomba, subiri kidogo," nikasema. "Bibi, wewe ni mwanajeshi?"

"Ego."

"Una ndevu?"

"Ego."

Mama alicheka akashika ukuta. Mjomba hakucheka. "Unamchezea mama yangu?"

"Sithubutu, Mjomba. Mdomo una neno moja tu. Uulize mkono."

Akamsogezea begi. "Mama, kama unakwenda, lifunge. Kama..."

Bibi hakungoja. Kwa mkono wa kushoto akatoa kitenge kimoja, akakiweka kitandani. Cha pili. Cha tatu kikamtua Mjomba usoni. Mjomba akakaa chini, akaanza kumsaidia kutoa vilivyobaki.

Shule ilipofunguliwa nikastaafu, ofisi nikamkabidhi Mama. Nilichojifunza: mtu akikosa maneno, usikimbilie kumpa ya kwako. Na siku hizi Bibi anafanya mazoezi ya kuimba, maana Mtaalamu anasema wimbo hupata msaada hata kutoka upande wa kulia wa ubongo. Jumamosi nilinyoosha mkono kuchukua andazi la nne.

"Oya!" Bibi akasema. Yaani hapana kwa Kiha!

Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi vile.