Karani Asiyeinuka

Shangazi yangu, karani wa masijala, alikuwa haamini hata kivuli chake. Ukimpa chai, anangoja unywe wewe kwanza. Na kiti chake cha ofisini, usiseme! Katika ofisi ile, ukitoka ukaacha kiti kizima, ukirudi unakuta cha mguu mbovu, na hakuna aliyeona. Kwa hiyo yeye hakuinuka. Alikula hapo hapo, na maji alikunywa kwa funda moja moja asije akabanwa.

Siku moja bosi alileta mtaalamu wa viungo, dada mcheshi, awafundishe kuukinga mgongo. Msikae muda mrefu, aliwaambia; inukeni mara kwa mara, tembeeni kidogo. Ukiokota jalada chini, kunja magoti. Wenzake wakainuka, wakajinyoosha kwa vicheko. Shangazi akaking'ang'ania kiti.

"Bosi aliyetunyima feni, leo anauonea huruma mgongo wangu?" alituambia jioni nyumbani. "Wanataka tuinuke wajue nani hana kazi. Mimi si mtoto wa jana."

Niseme kweli, alinikera. Kiuno kilipoanza kumkaza, alimshuku mhasibu wa meza ya pili kuwa amelegeza skrubu za kiti. Mto aliopewa na mwenzake aliuchana aone mna nini ndani. Mlikuwa na sponji. Kila mtu alishukiwa, isipokuwa kule kukaa.

Wakati huo binti yake alikuwa mjamzito. Shangazi aliapa kwamba mjukuu wake hataogeshwa na mtu mwingine, hasa si mkwe mwenzake, mama wa mume wa binti huyo, ambaye maneno yake aliyaona matamu mno.

"Shangazi, beseni liko sakafuni," nilimwambia. "Utainamaje?"

"Na wewe wamekutuma?"

Mtoto alizaliwa salama. Shangazi akaomba ruhusa kazini, akaja kwa binti yake, akakunja mikono ya blauzi, akainama. Hakufika hata nusu. Alipiga ukelele, tukamshika huku na huku, tukamlaza kitandani.

Mkwe mwenzake akapiga magoti, akamwogesha mtoto taratibu. Shangazi alikodoa macho akitafuta kosa. Maji yamezidi moto? Shingo haikushikwa? Hakuliona. Machozi yakamtoka, nami hasira zote zikaniisha.

"Mkwe, tayari. Njoo umpokee," yule mama akaita.

Shangazi akajaribu kujiinua, akashindwa.

"Kaa naye tu," akasema. "Nakuamini."