Kofia Isiyo na Pacha

Miaka ya ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, biashara yangu ilikuwa nzuri kuliko ilivyofaa kusema mbele za watu. Mafuta yaliadimika, magari yakalala, Bujumbura ikapanda baiskeli. Nami nilikuwa na meza ya vipuri vya baiskeli pale soko la Jabe: minyororo, pedali, spoku, kengele. Vyote vya mtumba, na vyote nilivihesabu asubuhi nikavihesabu tena jioni, maana jirani yangu wa meza, fundi wa pancha, alikuwa rafiki wa kweli mwenye vidole virefu.

Basi nikataka kuoa. Binti alikuwa wa mtaani kwetu Buyenzi, na sisi wawili tulishaelewana. Aliyebaki ni baba yake, mzee muuza taa za chemli, mtu ambaye hata salamu alikuwa anaipima kabla ya kuijibu. Nilikwenda na mjomba wangu, tumejiandaa kupigana bei mpaka adhuhuri. Mahari tukaimaliza kabla chai haijapoa. Nilisikitika kidogo, nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Kikabaki kilemba, zawadi ya baba wa bibi harusi, ambayo kwetu siku hizo ilikuwa bahasha tu. Nilikuwa na bahasha moja mfukoni na nyingine, nene zaidi, ndani ya soksi. Mzee akazikataa zote mbili, hata ile ya soksi, ambayo sijui aliionaje.

"Pesa apana," alisema. "Niletee kofia. Kofia ile mutu mwingine Buyenzi hana. Ukikosa, mutoto anabaki kwangu."

Akanipa mpaka Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata. Wiki tano. Njiani mjomba alicheka mpaka akasimama kushika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mzee alijua kwamba nashona kofia. Shangazi yangu alinifundisha nikiwa mdogo, kwa kuwa nilikuwa na macho makali na sikuwa na kazi nyingine ya kuyatumia. Unachora mistari ya penseli kwenye kitambaa cheupe, unatoboa matundu, kila tundu unalizungushia uzi mpaka mdomo wake unakaza. Nilikuwa nimeshona kofia tisa, na zote zilikuwa kofia ile ile: nyota na jani, nyota na jani, kama alivyoshona shangazi, kama alivyoshona mama yake. Niambie nitafute bei ya kitu, nitaipata hata gizani. Niambie nitoe kitu kisichokuwepo, mikono inakuwa ya mtu mwingine.

Wiki ya kwanza sikushona. Nilisema hakuna uzi, na kweli hakukuwa. Mwishowe mama mmoja pale sokoni akanitolea vibunda viwili vilivyovuka mpaka wa Gatumba ndani ya gunia la ndagala. Nilimwambia uzi wake unanuka samaki, apunguze. Akanijibu kwamba kwa harufu hiyo ilibidi aongeze, maana nilikuwa napata uzi na mboga. Nililipa bei yake. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

Wiki ya pili nilisema hakuna wakati. Halafu ikalia milio ya bunduki upande wa milimani, soko likafungwa siku tatu, nikakaa nyumbani na wakati mwingi kuliko niliouomba. Nikazihesabu sababu zangu mara mbili, zikatoka sifuri. Iliyobaki ilikuwa moja, na hiyo sikuwa nimeitaja: niliogopa kutoa cha kwangu, watu wakacheka.

Nikafanya anavyofanya mwoga. Ijumaa nikaenda msikitini mapema, nikakaa safu ya nyuma, na wakati wa hotuba nikahesabu matundu ya kofia zilizokuwa mbele yangu. Mungu anisamehe, mpaka leo sijui siku ile tuliambiwa nini. Nilichukua nyota ya mmoja, jani la mwingine, pembe ya mwalimu mmoja mstaafu, nikavichanganya na kuviita kipya. Vipimo aliniletea mchumba wangu. Baba yake alipokuwa amesinzia kibarazani, alimzungushia kamba kichwani na kuifunga fundo. Nikashona mchana, kati ya mteja na mteja. Yule wa pancha akauliza kama nami siku hizi naandaa vyombo vya bibi harusi, au bado kuna mwanamume kwenye meza ile. Nilimwuzia spoku tatu kwa bei ya nne, tukawa sawa.

Ukingo wa kofia ulipokaribia kwisha, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, nikakutana na mzee barabarani. Alikuwa ametoka kunyoa. Kofia yake imemshuka mpaka kwenye nyusi, anatembea ameinua kidevu ili aone mbele. Pale pale nikaelewa. Mzee alikuwa ananyoa kipara kila akielekea mwezi mpya, na sisi tulimpima akiwa na nywele za wiki tatu, zile za kwake zinazosimama kama brashi. Kamba ikarudi kichwani, safari hii kwa kipara. Kofia yangu ilikuwa imezidi kwa vidole viwili.

Vidole viwili si vingi, lakini mapambo ya kuiga hayakatiki. Ukiondoa vidole viwili unapasua nyota katikati, na nusu nyota ni kama nusu kuku hai: hakuna wa kuuliza bei.

Siku mbili nilikaa na kile kitambaa magotini. Siku ya tatu akaja mteja, mnyororo wake umelegea, unaruka kila akikanyaga. Kazi ya kila siku. Nikasukuma pini, nikaondoa pingili mbili, nikaunga tena. Yule bwana akazungusha pedali, akauliza niliunga wapi. Nikatafuta nami. Sikupaona.

Nilisahau kumdai.

Jioni ile ile nilifumua nyuzi zote, kazi ya zaidi ya wiki, maana uzi ulikuwa huo huo, nikatafuta kitambaa kingine, nikaweka mnyororo mezani mbele yangu na kuuchora kama ulivyo: matundu mawili makubwa, kiuno chembamba, mawili makubwa, kiuno chembamba. Pingili moja, kisha nyingine, mpaka kichwa kinapoishia. Kwenye kile kiduara cha juu nikatandaza spoku. Sikuhesabu. Yaani nilihesabu, lakini mara moja. Yule wa pancha alikuja kusimama nyuma yangu na mdomo wake, nikamsubiri. Akarudi kwake, akaniletea taa yake ya kuwekea viraka ili nione vizuri.

Ijumaa nilifika na mjomba, kofia ndani ya karatasi. Mzee hakuivaa. Alimwita binti alete sanduku, akatoa kofia zake, nilizihesabu, kumi na moja, akaziweka mkekani moja moja kando ya yangu. Kisha akaniuliza kofia ya imamu ina maua gani, ya muuza nyama ina nini, nikamjibu zote, nilizijua. Akachukua yangu, akaizungusha vidoleni polepole, akarudia kuizungusha upande wa pili.

"Umeanzia wapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Hii ni mnyororo ya velo."

"Ndiyo, baba, wa baiskeli."

"Unaniwekea velo kichwani."

Mjomba akaanza kutafuta viatu vyake. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ile ndiyo kazi yangu, ndicho kitu ninachokiona kuanzia asubuhi, na kwamba sina kingine ambacho si cha mtu mwingine. Sikumbuki nilitoa maneno mangapi. Mzee aliivaa nikiwa bado nazungumza. Ikakaa, haikushuka. Akatikisa kichwa kushoto, kulia, ikabaki palepale.

"Ukimushonea mutu mwingine hii," akasema, "mutoto anarudi kwangu, na watoto wake wote."

Nikakubali. Akasema ndoa iwe Jumapili, saa nne asubuhi. Mjomba akaniangalia, akingoja nipigane bei kama kawaida yangu, niombe saa tano.

Nikasema sawa.