Mbogo wa Miguu Mitatu

Siku yangu ya kwanza kazini Makindu, katika duka la kukagua na kununua sarafu za kale, nilifika kabla ya mkuu wa duka. Juu ya meza nikakuta sinia ya sarafu zilizoingia weusi, zote senti tano za zamani za Marekani zenye picha ya mbogo mwenye nundu. Nililelewa kwamba mgeni huonyesha adabu kwa kuosha vyombo. Basi nikatafuta majivu na mchanga, nikazisugua hadi zikang'aa. Mkuu alipoingia aliitazama sinia, akakaa.

"Kasyoka, nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimeona ni chafu."

"Huo uchafu ndio ulikuwa shahidi wangu. Sasa nitauliza nani?"

Hakunifukuza. Alinipa moja ya zile sarafu niitunze, na ninayo hadi leo. Kisha akaniwekea sheria moja: mwenye sarafu aambiwe ukweli hata ukimuudhi, maana hatuna bidhaa nyingine.

Kazi yenyewe ni ya macho. Sarafu hushikwa kwa ukingo. Unatafuta kwanza mwaka, ulio begani mwa mtu aliyechorwa upande wa pili. Hapo ndipo huchakaa mapema, na mwaka ukifutika bei huanguka. Halafu unatafuta herufi ndogo ya kiwanda, chini ya mbogo. Siku hizi vijana huniletea mia tano ya Tanzania yenye nyati wakidhani wametajirika. Hao mimi huwaambia wakanunue soda wakivuka mpaka.

Nilipohamishiwa tawi la Nunguni, meneja wa huko, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alinifundisha kumtambua anayetafutwa na wote: mbogo wa miguu mitatu. Kiwandani walisugua muhuri wa kuchapia sarafu kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukapotea. Walaghai nao huchukua mbogo mzima wakauondoa mguu kwa tupa.

"Angalia chini ya tumbo," meneja alisema. "Wa ukweli ana vitone vimeinuka, ni kama anakojoa. Wa tupa hana."

Mwishowe nilipewa kituo cha Kyuso, peke yangu, siku za soko. Huko ndiko alikokuja Mueni, mjane anayeuza ndengu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari. Alizoea kusimulia kwamba msafiri aliyetengenezewa gari alimpa mbogo wa miguu mitatu wa ukweli. Ndugu zake walimcheka, akafa wakimwita mwongo.

"Mwaitu, mama, mimi siuzi," Mueni alisema. "Niambie tu kama ni ya ukweli. Kesho familia inakutana, nataka niseme mbele yao."

Akafungua leso. Sarafu ilikuwa inang'aa.

"Nimeisugua jana na majivu na mchanga. Singekuletea kitu chafu."

Niliinamia kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Mguu haukuwepo. Chini ya tumbo palikuwa na mikwaruzo mitupu. Kama palikuwa na vitone, mchanga ulikuwa umevila. Kama palikuwa na alama za tupa, zilikuwa zimezikwa humo humo. Niliumia sana.

"Mama, siwezi kusema ni ya ukweli, na siwezi kusema ni bandia."

Aliitazama mikono yake. "Kwani ni mimi nimeiharibu?"

"Hapana. Ni uzee wa sarafu."

Akaanza kuifunga leso polepole.

"Na kama wewe mwenye kioo hujui," akasema, "hao walijuaje ni mwongo?"

Akaondoka akiwa amenyoosha mgongo.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana hunitumia picha kwa simu, wengi wakiwa wameshasugua, na ninawaambia wazi kwamba wameharibu. Katika kazi yangu yote nilivunja sheria ya mkuu mara moja tu. Ile sarafu aliyonipa bado inang'aa kwenye kabati langu. Nikiiona namkumbuka Mueni na leso yake, na najua angerudi leo ningemjibu vilevile.