Fundi na Lori Lisiloharibika

Mwenye kibanda cha gemu alikuwa na jambo moja la kuamua kabla ya saa sita: auchukue mchezo mpya wa mbio za malori ya matairi makubwa, au amrudishie muuzaji aliyekuwa akisubiri mlangoni. Ukikosea mchezo, viti vinabaki vitupu; hilo alishalionja. Ndiyo maana alimwita fundi wa malori wa jirani, mtu anayefuta mikono kwa tambara hata ikiwa mikavu, na anayesikiliza injini akiwa amefumba jicho moja. Alilifumba hilohilo mbele ya skrini. "Mlio ni wenyewe kabisa, dada. Na springi zinanesa inavyotakiwa." Mwenye kibanda akashusha pumzi. Lakini alipopewa pedi ya kuchezea, kila kona fundi alikanyaga sakafu akitafuta breki, na lori lilipopinduka, aliweka pedi mapajani, akainama kuchungulia chini ya televisheni. Alipoinuka, lori lilikwishasimama lenyewe, halina hata mkwaruzo, linanguruma likimsubiri.

"Nani kalitengeneza?" aliuliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Linajitengeneza, fundi. Ndivyo lilivyo."

"Basi ni bovu."

"Bovu vipi na haliharibiki?"

"Ndiyo ubovu wenyewe huo! Gari lisiloharibika utalijuaje?"

Mwenye kibanda alimtazama fundi, akamtazama muuzaji, kichwa kikamzunguka. "Kwa hiyo nisichukue?"

"Nani kasema?" Fundi aliikumbatia pedi kifuani. "Hebu anzisha tena."